Mwongozo wa Tahadhari kwa Anayetaka Kugandisha Mtindi

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu: yule aliyetazama video ya nusu dakika, akaona mikono miwili isiyo na mwenyewe ikimwaga mtindi mzito kwenye sinia, ikirushia matunda mekundu juu yake, ikifunga friza, ikifungua, na hapo hapo ikivunjavunja vipande vinavyong'aa. Mtu huyo sasa yuko jikoni kwake, Mbagala au Kisauni, ana pakiti mbili za mtindi na embe moja, na moyoni anajiona ameshamaliza kazi. Tunampa pole mapema, kisha tunaendelea.

Hatumkatishi tamaa. Mtindi uliogandishwa na matunda ni kitu kitamu, na kwa joto la pwani mwezi wa Februari hakuna mwenye akili timamu atakayeusukuma pembeni. Tatizo ni kwamba ile video ilipigwa nyumbani kwa watu wengine. Kwenye nyumba ile friza ni ya mwenye nyumba peke yake, umeme upo tangu alfajiri, matunda hayana vituko, na mtoto wa jirani hajulikani hata jina. Kwako mambo si hayo, na mapishi yoyote ya kugandisha yanaanzia hapo, si kwenye sukari.

Mtindi, na maji yaliyojificha ndani yake

Wengi hupotea dukani na wasijue kwamba wamepotea. Kwenye rafu moja kuna ndugu wawili waliovaa pakiti zinazofanana. Yupo mtindi wa kawaida, wa Tanga Fresh, wa Asas, au wa mama anayepita na ndoo asubuhi; huu huachwa ugande kwenye joto la chumba, na hutoa mabonge laini yanayoelea kwenye maji yake. Yupo yogati, ambayo huchachushwa kwenye joto la nyuzi 42 hadi 45 na bakteria wawili wapenda joto. Mmoja wa bakteria hao alitambuliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, kijana Mbulgaria aliyekuwa akisoma Geneva. Yogati ni nzito kidogo na mara nyingi imeshatiwa sukari na vanila. Mtindi ni mwepesi na mkali. Vyote viwili vitaganda. Hata maji ya kuoshea vyombo yataganda. Suala ni kama utaweza kukitafuna baada ya hapo.

Mtindi wenye maji mengi ukiugandisha kama ulivyo, utapata barafu ya chengachenga yenye ladha ya maziwa kwa mbali. Maji yanapoganda polepole hujikusanya yakawa fuwele kubwa, na ulimi haudanganyiki. Kwa hiyo maji yatoke kwanza. Tandika kitambaa cheupe kilichochemshwa juu ya bakuli, mimina mtindi, funga pembe nne, tundika ndani ya friji mpaka kesho.

Kuhusu kitambaa, sikiliza. Usitumie kanga. Kanga mpya hutoa rangi, na kanga kuukuu ina mwenyewe. Kifumbu cha kukamulia tui kinaweza kufanya kazi hiyo, lakini kifumbu hakisahau: mtindi utatoka humo ukinukia nazi. Hilo si jambo baya hata kidogo, ilimradi ukiulizwa useme ulikusudia.

Asubuhi utafungua kitambaa na kukuta pakiti mbili zimekuwa moja. Hakuna aliyekuibia. Nusu ya ulichonunua ilikuwa maji, na sasa yamekaa chini kwenye bakuli, ya manjano yenye ukijani, yakikutazama. Usiyamwage, kandia chapati. Kilichobaki juu ya kitambaa ni kizito kiasi cha kusimamisha kijiko, na hicho ndicho ulichokiona kwenye video bila kuambiwa kimefikaje pale.

Hapa atatokea mtu wa nyumbani, kwa kawaida mkubwa wako kwa umri, atakayetazama kile kidogo na kusema: "Si uongeze maji kidogo itoshe watu?" Mjibu kwa heshima na ufunike bakuli. Maji ndiyo kwanza umehangaika usiku kucha kuyatoa. Halafu kuna imani iliyoenea kwamba friza huua vijidudu. Haiui, huwalaza tu. Bakteria wema wa mtindi hulala humo na kuamka, ndiyo maana mtindi uliogandishwa unabaki kuwa mtindi. Na wa homa ya matumbo na wa kipindupindu, kama walikuja na maji ya bomba yasiyochemshwa, nao hulala pale pale na kuamkia tumboni mwa mgeni wako. Vivyo hivyo maziwa: ukitaka kutengeneza mtindi wako mwenyewe kutokana na maziwa ya ng'ombe wa jirani, yachemshe kwanza, hata kama jirani anaapa kwamba ng'ombe wake anajulikana.

Matunda yana tabia

Stroberi za kwenye video zisahau. Ukiziona sokoni uliza bei ya kikasha, halafu uliza bei ya kuku, ulinganishe. Nchi iliyojaa maembe, mastafeli na mapasheni haina sababu ya kuomba radhi kwa kukosa stroberi.

Embe ni salama, ukijua la kuchagua. Dodo lina nyama nyingi. Bolibo lina harufu itakayofika kwa jirani kabla yako. Yale madogo ya kienyeji, yenye nyuzi, huenda ndiyo matamu kuliko yote, na hayafai kabisa: ukiyagandisha utakuwa unanyonya kamba. Na usikate vipande vikubwa kwa kutaka kuonekana mkarimu. Tunda ni maji, na kipande kikubwa cha embe kikishaganda ni jiwe la njano lililojificha ndani ya kitu laini, likimsubiri mtu mwenye jino bovu. Kata vipande vidogo kama punje za mahindi, au saga kabisa. Tikiti maji usilifikirie hata kwa bahati mbaya. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi zake ni maji.

Sasa tunafika kwa wahalifu wawili, nanasi na papai. Umewahi kumwona mpishi wa mishkaki anavyoipaka nyama ngumu papai bichi mpaka inalainika. Ndani ya papai mna kimeng'enya kinachokata protini, na ndani ya nanasi mna ndugu yake. Unadhani kimeng'enya kilichoweza kumshinda fahali wa Gairo kitafika kwenye protini ya maziwa kikae na adabu zake? Changanya nanasi bichi na mtindi jioni, uweke kwenye friji ukingoja friza ipate nafasi, na asubuhi utakuta majimaji yenye uchungu unaong'ang'ania kooni. Baridi hupunguza kasi yake, haikikomeshi. Mtu wa kwanza kuonja atasema mtindi umeharibika. Wa pili atamlaumu mwenye duka. Mwenye duka hana kosa. Nanasi lichemshe na sukari kwa dakika kadhaa mpaka lilainike, lipoe kabisa, ndipo uchanganye. Moto ukishakipitia, kimeng'enya hicho hakina kazi tena. Papai bivu lina ukali mdogo kuliko bichi, lakini nalo usililaze na mtindi. Changanya na kugandisha saa hiyo hiyo, au liachie chai ya asubuhi.

Rafiki wa kweli ni ndizi. Kisukari au mtwike iliyoiva hadi kuanza madoadoa, ikipondwa ikachanganywa, huufanya mtindi uwe laini hata friza ikiwa dhaifu. Inageuka rangi ya udongo usipotia ndimu, na hapo watoto watakuuliza maswali. Parachichi pia hulainisha kwa sababu ya mafuta yake, ila utapata kitu cha kijani, na kwenye nyumba nyingi kitu cha kijani hudhaniwa ni mboga, kikakaa friza kwa amani mpaka wewe mwenyewe ukimalize. Kwa mtu mchoyo, parachichi ni chaguo la busara.

Stafeli na mtindi ni ndoa iliyopangwa na wazee wenye hekima. Lakini lina mbegu, nyingi, nyeusi, zenye sumu, na lazima zitoke moja moja kwa mkono kabla hujasaga chochote. Kazi hii hula jioni nzima. Mgeni akiingia jikoni akauliza, "Nisaidie nini?", usimwambie akae sebuleni. Mpe stafeli.

Pasheni haina neno, isipokuwa mbegu zake ndani ya mtindi mweupe, umeme ukiwa umekatika na mtu anakula kwa mwanga wa simu, zimewahi kuzua tuhuma. Ukwaju ni mkali juu ya mkali. Tumia kidogo sana au ongeza sukari. Unga wa ubuyu unastahili sifa zaidi ya hapo: vijiko viwili huleta ukali mzuri na pia hufanya mchanganyiko uwe mzito, kazi ambayo viwandani hufanywa na vitu vyenye majina marefu. Tunazungumzia unga mweupe, si ubuyu mwekundu wa kumumunya, ambao wekundu wake ni suala baina ya muuzaji na rangi aliyonunua.

Zambarau tutairudia, kwa sababu matumizi yake makubwa si ya upishi.

Kuonja ni mtego

Kwa nusu kilo ya mtindi uliochujwa, tia kikombe kimoja cha matunda yaliyosagwa, vijiko vikubwa vitano vya sukari na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Koroga hadi sukari iyeyuke kabisa. Halafu onja, na ujiandae kutilia shaka kila tulichokuambia, kwa maana utaona tamu imezidi.

Haikuzidi. Baridi hufisha ulimi. Kitu kile kile kitamu cha kukera kikiwa na joto la jikoni, kikishaganda kinaonekana cha kawaida. Atakayekuja kuonja kwa kijiko na kukunja uso, akakushauri upunguze, anasema kweli kuhusu kijiko chake na si kuhusu kesho. Lakini kuna jambo jingine ambalo huyo mwonjaji hatalijua. Sukari ndiyo inayozuia mtindi usigeuke tofali. Hushikana na maji, ikayachelewesha kuganda, na sehemu ndogo hubaki majimaji katikati ya fuwele. Ndipo unapopata ulaini. Shangazi anayesema sukari imeharibu dunia ana hoja, na madaktari wengi watakaa upande wake. Akipewa mamlaka juu ya bakuli lako, hata hivyo, kesho utahitaji nyundo. Kwa mwenye kisukari ongeza parachichi, punguza sukari, na kila kipande kikae nje ya friza muda mrefu zaidi kabla ya kuliwa. Kinyume chake, ukimwaga sukari bila kupima, mchanganyiko hautaganda kabisa, utabaki uji mzito unaokucheka kila ukifungua mlango.

Vyombo, na kijana wa California

Mwaka 1905, ule ule wa Grigorov, huko California, mtoto wa miaka 11 aitwaye Frank Epperson alisahau nje ya nyumba kikombe cha kinywaji chenye kijiti cha kukorogea. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe baadaye. Usiku ule kukawa na baridi kali, na asubuhi akakuta kijiti kimesimama ndani ya barafu. Akausajili uvumbuzi wake mwaka 1924, na dunia ikapata lambalamba. Tunaitaja habari hii ili ionekane kwamba uvumbuzi ni suala la mahali. Angekisahau kikombe kile kwenye baraza ya Kariakoo, asubuhi angekuta sisimizi, na kijiti kimeshachukuliwa.

Kwa kuwa usiku wetu haugandishi kitu, tunahitaji chombo. Vifuko vyembamba vya barafu, vile vya kufunga fundo na kula kwa kung'ata pembe, ndivyo rahisi kuliko vyote. Kama bado umeweka mfuko wa rambo kabatini, ujue mfuko huo ulipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hata ungekuwa halali haukutengenezwa kwa chakula. Vikombe vidogo vya plastiki vinafaa. Vikombe vya bati hugandisha haraka zaidi kwa kuwa chuma hupitisha joto upesi, lakini chuma hicho hicho, kikitoka kwenye friza, huunyang'anya ulimi joto lake na kuushika pale pale. Mtoto akinaswa, usimvute. Mwagia maji ya vuguvugu pale ulimi uliposhika, na uache kumpiga picha.

Kijiti usikitie mwanzoni, kitalala. Ngoja kama saa moja na nusu mchanganyiko uanze kushikana, ndipo ukisimamishe. Vijiti vya mishkaki vinatumika, mradi umevunja ncha. Na kama huna chombo chochote, rudi kwenye sinia la video: mimina mtindi uwe na unene wa kidole, rushia matunda, gandisha, vunja. Sinia lina faida kubwa ya kuganda upesi, kwa sababu ni jembamba. Lina hasara moja: halienei kwenye friza yoyote ambayo tumewahi kuiona ikiwa na vitu ndani.

Friza si yako

Hapa video ilinyamaza kabisa, na hapa ndipo penye kazi. Friza yoyote ya Uswahilini, hata kama risiti ina jina lako, ni mali ya mtaa. Ifungue leo uikague: kuna nyama ya Idi, chupa za maji za mpangaji wa chumba cha nyuma, mfuko mweusi ambao hakuna anayekumbuka ulivyoingia, na vibua.

"Hodi."

"Karibu."

"Mama Zuu, za tangu asubuhi? Naomba uniwekee hivi vibua, jioni nakuja kuvichukua."

Hakusema jioni ya lini. Wewe nawe huwezi kukataa, maana mwezi uliopita mtoto wako alishinda kwake kutwa nzima, akala, akalala. Vibua vinaingia. Sasa jua kwamba mafuta ya maziwa yana tabia ya kunasa harufu ya kila kilichopo karibu. Mtindi uliolala bila kifuniko jirani na samaki utakuwa na ladha ya embe mwanzoni, na ya soko la samaki la Feri mwishoni. Funika kwa plastiki iliyogusa uso wa mtindi wenyewe, kisha weka kifuniko, kisha weka ndani ya kontena jingine. Ukimaliza hayo yote, weka mbali na vitunguu.

Friza iliyo sawa inatakiwa ifike nyuzi 18 chini ya sifuri. Kijisanduku cha juu ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki huko, hasa kikiwa kimeota barafu ukutani unene wa tofali. Iyeyushe barafu hiyo kwa kuzima friji na kuacha mlango wazi. Usiikwangue kwa kisu. Kisu hutoboa bomba la gesi, na kuanzia siku hiyo una kabati jeupe lenye waya.

Kila mlango unapofunguliwa, baridi inatoka na fuwele zinakua. Kwa hiyo gandisha usiku, saa nne hivi, kila mtu akishakunywa maji yake ya mwisho, na uweke mtindi chini kabisa, mbali na mlango. Kuna ushauri mwingine, mzuri kweli, wa kuutoa kila nusu saa na kuukoroga kwa uma ili kuvunja fuwele kabla hazijakomaa. Mara tatu au nne zinatosha, na ulaini wake utakushangaza. Unafaa kwa vyombo vya bakuli, si kwa vya vijiti. Unafaa pia kwa nyumba isiyo na watoto macho, kwa sababu mtoto akikuona unafungua friza kila nusu saa, ataona ndiyo sheria.

Umeme ukikatika, la kwanza usifungue. La pili, mzuie yule anayetaka kufungua aone kama umeathirika. Inasemwa kwamba friza iliyojaa, ikiwa imefungwa, hushikilia baridi kiasi cha saa 48, na iliyojaa nusu, saa 24. Waliosema hivyo hawakuwa wakizungumzia nyumba ya bati Temeke, kwa hiyo punguza kwa hiari yako. Hapa ndipo vibua vya jirani, kwa mara ya kwanza, vinakuwa na faida: friza iliyojaa hukaa na baridi kuliko tupu. Kama LUKU ndiyo iliyoisha, hilo ni suala la nyumbani, na mwongozo huu hauingilii kati ya watu waliooana.

Mtindi ulioyeyuka kabisa na kukaa kwenye joto usiugandishe upya ukitaraji miujiza. Utarudi na mchanga mdomoni, na huenda na mengine tumboni.

Mwenye subira na mkono wa nguvu anaweza kuachana na umeme. Kabla ya friza kuwepo watu waligandisha kwa ndoo. Nancy Johnson wa Philadelphia alisajili mashine ya kuzungusha kwa mkono mwaka 1843, na siri yake inapatikana sokoni: barafu iliyopondwa ikichanganywa na chumvi hushuka chini sana ya sifuri, mpaka karibu nyuzi 21 chini. Tia mtindi kwenye kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana, lizungushie barafu na chumvi ya mawe ndani ya ndoo, zungusha kopo, na kila baada ya dakika chache fungua ukwangue pembeni. Nusu saa au zaidi kidogo, umepata. Barafu ya kufunikia samaki inafaa kwa kazi hii, mradi kifuniko hakivuji. Rudia maneno hayo: mradi kifuniko hakivuji.

Watu

Usimwambie mtu. Hii ndiyo tahadhari kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo hakuna anayeifuata. Ukimwambia mtoto mmoja kwamba kesho kuna barafu za mtindi, mtoto huyo ana rafiki, rafiki ana mdogo wake, na mdogo wake ana bibi anayependa vitu laini. Una vikombe nane. Kesho saa nane mchana barazani kutakuwa na ndala nyingi kuliko msikitini siku ya Ijumaa.

Kuandika jina lako kwenye kifuniko hakusaidii. Kunaonyesha tu palipo kitu. Andika "dagaa". Lakini kama unataka kweli kumjua anayefungua friza usiku, hapa ndipo zambarau inapoingia. Saga zambarau mbivu, changanya na mtindi, gandisha kama kawaida, ulale usingizi wako. Asubuhi wapange watoto, kisha baba yao, uwaombe watoe ndimi. Rangi ya zambarau haina huruma wala haiheshimu umri.

Siku itakapokuja kutoka vizuri, na itakuja, atatokea mtu wa kukwambia ufanye biashara. Atakuwa amekula mbili. Atataja barafu za shilingi 200 za jirani wa pili na kukupigia hesabu kwa vidole, watoto wote wa shule ya msingi, siku tano za wiki. Mwulize ni nani atakayelipa mtindi unaopungua nusu kwenye kitambaa. Barafu ya jirani ni maji, sukari na rangi. Yako ina maziwa na embe la msimu, na mteja wako ana shilingi 200 ile ile mkononi. Ukiamua kuendelea, utaanza kupunguza embe, kisha kuongeza maji, na mwisho utakuwa jirani wa pili.

Kula

Usiile ikitoka tu. Iache mezani dakika tano mpaka kumi ilegee, ladha iamke. Mtu mzima anaweza kungoja kiasi hicho. Mtoto atang'ata papo hapo na kushika kichwa kwa maumivu makali ya ghafla. Si ugonjwa. Abane ulimi kwenye kaakaa la juu, itapita, na atang'ata tena.

Na ikitokea umeme umekatika saa tano usiku, ukarudi saa nne asubuhi, na wageni wako wamekaa sebuleni tangu saa tatu, fungua friza bila kulalamika kwa sauti. Mimina kilichomo kwenye glasi, koroga, weka majani ya mnanaa juu kama unayo, na upeleke kwenye trei. Wakiuliza ni nini, ni kinywaji cha mtindi na embe. Hakuna aliyeahidiwa barafu, kama ulifuata tulichokwambia kuhusu mdomo wako.